Mnara Wenye Pua Yangu

Jumatatu, 1 Julai 2024
Nimechaguliwa mwenyekiti wa Kamati ya Mnara! Kijiji chetu hapa Nyakisasa kitawakumbuka vijana wanne waliokwenda Vita vya Kagera wasirudi. Uzinduzi ni Siku ya Mashujaa, tarehe 25. Katibu wangu, Mwalimu Melania, anataka jiwe lenye majina, basi. Jiwe! Ng'ombe watajikunia. Nikapendekeza sanamu ya askari. Bibi Scolastica, mjane wa mmoja wao, akasema lolote sawa, mradi aone jina la mumewe. Alizikwa huko huko vitani, bibi hana kaburi la kuendea. Nikamwambia aniachie mimi.

Alhamisi, 4 Julai
Picha za marehemu hakuna hata moja. Sasa askari awe na sura ya nani? Kwa adabu nikageuza uso upande wa dirisha, mwanga unipige vizuri. Hakuna aliyenitaja. Ikabidi nijitaje.

Jumanne, 9 Julai
Fundi Bulugu kafika kutoka Biharamulo. Anasifika sana kwa sanamu za makanisani. Nimesimama juani asubuhi nzima, kifua mbele, mpini wa jembe begani badala ya bunduki. Nzi wameninyanyasa. Melania akapita, akauliza nafasi ya majina iko wapi. Nikamjibu kitaalamu kwamba itapatikana.

Jumamosi, 20 Julai
Haikupatikana. Saruji yote imeishia kifuani kwangu. Halafu huyu Bulugu! Askari kainamisha kichwa, kafumba macho, kanzu imeshuka mpaka vidoleni. Bunduki imechipua maua. Nikafoka. Akasema mkono wake umezoea Mtakatifu Yosefu, ukianza haugeuki. Lakini pua ni yangu. Nimeizunguka mara tatu. Pua nzuri.

Jumatatu, 22 Julai
Akina mama wa jumuiya wamenipigia magoti! Rozari nzima. Agripina, ambaye hajanisalimu tangu Pasaka, kaniwekea maua. Nilisimama kando nikapokea kwa unyenyekevu. Kisha akaja padri. Kaamuru sanamu iondolewe leo leo. Anasema ananifahamu vizuri mno, hawezi kuacha watu waniombe kama mtakatifu. Sasa niko bandani, kuku wanatua kichwani.
Siku tatu zimebaki, mnara hakuna. Bibi Scolastica kaja kuuliza. Nilijificha jikoni. Aibu.

Alhamisi, 25 Julai
Kumbe Melania alikuwa na jiwe lake uani muda wote, majina yote manne kayachonga mwenyewe! Mnafiki. Limesimamishwa asubuhi. Bibi Scolastica akapapasa jina la mumewe herufi moja moja, kisha akaketi akaanza kung'oa majani kulizunguka jiwe, kama mtu aliyefika kwake. Nililia, sifichi.
Watu walipotawanyika nikalitazama vizuri. Chini ya jina la nne kuna nafasi. Nimepima kwa shubiri: jina langu linaingia lote, na nikibana herufi, "Mwenyekiti" pia. Kesho naazima patasi kwa Melania. Nitamwambia natengeneza kiti.