Kukatika Kusikokatika

Jumatano, 5 Machi

Intaneti imekatika saa tatu na nusu asubuhi. Mtaa mzima. Majirani wamenuna. Mimi nimefurahi mpaka mke wangu akaniuliza kama nina homa.

Sababu ninayo. Mkataba wa intaneti, kurasa kumi na moja, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nimeusoma kwa miwani yangu na ya mke wangu juu yake. Kifungu cha tisa: hitilafu ni kukatika kwa huduma kusikokatika kwa saa sabini na mbili, kuanzia mteja atakapotoa taarifa. Fidia: mwezi mzima wa kasi ya juu. Kasi! Nani mwingine katika mtaa huu kafika kifungu cha tisa?

Kwa kasi tuliyonayo, mjukuu wangu namjua kama picha ya kitambulisho. Binti yetu yuko mbali, anapiga kila Jumamosi saa tatu asubuhi, nasi tunakaa mbele ya kompyuta. Simu zetu ni za vitufe. Mtoto akicheka, picha inaganda, kicheko kinafika baadaye peke yake. Ana miezi kumi na moja na sijawahi kumwona akipepesa macho. Namwita mke wangu mdogo. Bibi yake ameukubali uke wenza bila ugomvi.

Nimepiga simu huduma kwa wateja saa nne kamili. Dada wa huko kanipa namba ya taarifa na kuniomba niwe na subira. Nikamwambia wasijisumbue kuharakisha. Akaniomba nirudie.

Basi Jumamosi saa nne fidia ni yangu. Binti anapiga saa tatu. Saa moja tu katikati. Nitafikiria.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili kabisha hodi na nakala yake ya mkataba, imejaa wino mwekundu. Roho ilinipasuka. Kumbe fidia hakuiona. Alichoona ni sarufi. Anadai kitu kikishakatika kimekatika, hakiwezi kukatika tena. Nikamweleza kwamba kukatika kwenyewe ndiko kusikokatika, yaani huduma isirudi hata dakika moja. Akasema basi waandike "mfululizo". Tulibishana mlangoni hadi chai yangu ikapoa. Kafundisha miaka thelathini, na mpaka leo anasahihisha kibao cha kinyozi.

Ameiandikia kampuni barua ya kurasa mbili kuhusu kitenzi. Kwenye kifungu hicho hicho! Wengine wamepewa macho ya nukta na mkato tu.

Jioni binti kapiga simu ya kawaida. Mtoto ameanza kusimama akishika kiti. Jumamosi watamwachisha kiti mbele ya kamera, tuone kama atatembea. Mke wangu amefuta machozi kwa aproni. Mimi nimetoka nje kuiangalia nguzo ya waya.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Saa kumi na dakika tano taa ya kijani ya kisanduku cha intaneti imewaka. Saa hamsini na nne tu! Siku nyingine wasingeshughulika wiki nzima, leo wamepata bidii. Nimekurupuka na kung'oa waya wa umeme wa kisanduku. Ilikuwa saa kumi na dakika saba. Dakika mbili hazihesabiki. Natumaini.

Mke wangu kauliza mbona kwa Mwalimu intaneti imerudi. Nikasema waya wetu unapita nguzo nyingine. Nguzo ni moja, na kamba yake ya nguo imefungwa hapo hapo. Kasema njia ya mwongo ni fupi, kaenda kuanua nguo.

Waya ninao mfukoni mwa shati.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili na nusu mke wangu katoka na gauni la harusi za watu. Anakwenda kumwona mjukuu kwa Mwalimu; binti ameambiwa apige huko. Akaniambia twende. Nikamsomea kifungu cha kumi: fundi akifika asimkute mteja nyumbani, taarifa inafutwa. Akajibu kwamba mtoto hana kifungu, akishatembea ametembea. Akaenda.

Saa tatu na dakika kumi nilisikia kelele kutoka ng'ambo ya ua. Mke wangu akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha makofi, ya Mwalimu. Waya ulikuwa mkononi mwangu. Soketi, hatua mbili. Zilibaki dakika hamsini. Sikuchomeka. Iliniuma, niandike ukweli, iliniuma sana.

Saa nne kamili, ushindi. Saa nne na dakika tano, fundi. Mama mmoja wa makamo, ngazi begani. Kakitazama kisanduku, kautazama mfuko wangu, kanyoosha mkono. Nikampa waya. Taa zote kijani. Akanisomea kumbukumbu zao: huduma ilirudi jana saa kumi na dakika tano, kifaa kikazimwa na mteja saa kumi na dakika saba. Hiyo si hitilafu, kasema, hiyo ni wewe. Nimesaini.

Akaniuliza kwa upole kilichonisibu. Nikamweleza habari za mtoto kuganda. Akasema naye ni bibi. Akakihamisha kisanduku kutoka nyuma ya kabati la vyombo akakiweka dirishani, na kasi ikapanda papo hapo. Hilo halimo kwenye mkataba.

Mke wangu karudi, hakugomba. Afadhali angegomba. Amesema mke mwenzake katembea hatua nne, kisha kasimama akimtafuta mumewe kwenye kioo, akamwona Mwalimu. 

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kamwomba binti apige tena. Mtoto kagoma kutembea. Kaketi akatafuna rimoti. Lakini kapepesa macho! Mara tatu, nimehesabu. Mke wangu akanishika mkono. Nimemwahidi sitaugusa tena ule mkataba. Ameufungia kabatini.

Jumatano, 12 Machi

Kabati lile halina kufuli.

Kifungu cha kumi na mbili, nyuma ya ukurasa, ambapo hata wino wa Mwalimu haukufika: kasi ikiwa chini ya nusu kwa saa sabini na mbili mfululizo (wameandika mfululizo, simwambii), fidia ni kasi ya juu kwa miezi miwili. Miwili! Wala hakuna kung'oa waya. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nimekifunika kisanduku kwa sufuria kubwa ya bati. Kasi imeanguka. Mke wangu anaitafuta sufuria, nimemwambia huenda aliisahau kwa Mwalimu.

Taarifa nimeitoa leo saa nne kamili. Inatimia Jumamosi saa nne. Binti anapiga saa tatu. Saa moja tu katikati. Nitafikiria.