Turubai la Matanga Katika Chumba cha Msasa

Jumamosi, 2 Novemba

Naanza kuandika leo ili siku watu watakapouliza Shehata alipandaje cheo, jibu liwepo tayari, kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi Haji Bishlawi, mwenye kiwanda, alitukusanya uani kati ya makochi yasiyo na miguu. Akasema serikali inapita kwenye viwanda vyote vya samani hapa Dumyati kwa ajili ya vumbi la mbao. Kumbe likitimka hewani likakutana na moto, linalipuka. Mkaguzi anakuja Jumatano. Akikuta vumbi limelala juu ya boriti, mlango wa chumba cha msasa unapigwa lakiri, ile nta nyekundu ya serikali, na sisi tunakwenda kukaa na wake zetu. Wenye wake. Atakayesafisha mpaka tukapita ndiye atakayekuwa afisa usalama. Kofia ngumu nyeupe! Meza! Kiti cha kuzunguka!

Wagdi alinyoosha mkono. Mimi nilinyoosha yote miwili.

Huyu Wagdi alisoma chuo cha ufundi miaka miwili na hajapona mpaka leo. Akatuambia eti ukiweza kuandika jina lako kwa kidole kwenye vumbi, basi hilo vumbi limezidi. Nikajaribu juu ya kabati la swichi za umeme. Likaandikika vizuri sana. SHEHATA NA INSHIRAH. Mwandiko mzuri, nisiseme uongo.

Inshirah ni binti wa Usta Metwalli, msimamizi wetu wa chumba cha msasa. Mwezi uliopita nilikwenda kwao kuposa, mimi na mama na sinia ya keki ya basbusa. Usta alikula vipande vinne, akajifuta masharubu, akaniambia, "Mwanangu, binti yangu simpi mtu wa ufagio." Leo nikamuuliza: na mtu wa kofia nyeupe je? Akafikiri kwa muda wa sigara nzima. Akasema kofia ikifika kichwani, nirudi tuzungumze.

Siku nne. Zinanitosha na za kumgawia Wagdi zitabaki.

Jumapili, 3 Novemba

Wagdi ameanza kufuta boriti kwa kitambaa chenye maji na mashine ya kunyonya vumbi, moja moja, juu ya ngazi, kama anayemwogesha mtoto. Boriti ziko arobaini na mbili. Kufika saa sita amemaliza tatu. Nikamuuliza kama amemwomba mkaguzi aje mwakani.

Mimi nina akili. Nikachukua mpira wa upepo wa kompresa, nikafungua mpaka mwisho, nikapuliza chumba kizima. Dakika kumi! Sakafu inang'aa!

Vumbi lilikwenda wapi? Nakiri kwamba lilikwenda juu. Jingine liliingia kwenye chai, kwenye ful, maharagwe ya wenzangu ya asubuhi, na kwenye sikio la Usta Metwalli, ambaye kwa robo saa alinisikia kwa upande mmoja tu. Wagdi alipita mbio kwenye lile wingu, akazima jiko la kuchemshia gundi, akatoka mweupe kama mkate usiookwa. Akanifokea kwamba nilitaka kutuua, kwamba vumbi lililolala si kitu, la hatari ni lile linaloruka.

Wivu tu. Vumbi la mbao nimelimeza tangu nina miaka kumi na nne na sijalipuka hata mara moja.

Tatizo ni moja. Jioni vumbi lilishuka na kutulia juu ya boriti zote. Hata zile tatu za Wagdi. Hiyo peke yake ilinifurahisha.

Jumatatu, 4 Novemba

Wagdi amebandika tangazo: moto marufuku. Ameandika kwa rangi mbili. Wanaume wakalisoma huku wakiwasha sigara.

Nikaona nafasi. Nikasimama langoni na ndoo, nikamwambia kila anayeingia kwamba ni amri ya Haji, viberiti vya gesi viingie humu. Vikaingia kumi na saba. Jioni walipovitaka, nikawaambia masharti: anayetaka chake aende kwanza kwa Usta Metwalli anisifu. Wawili walikwenda. Mmoja alimwambia Usta kwamba mimi ni mtu wa dini. Usta alicheka mpaka akakaa chini.

Viberiti bado ninavyo vyote kumi na saba; sifa ya kuchekesha haihesabiki. Cha Wagdi ndicho kizuri kuliko vyote, kina picha ya simba.

Jumanne, 5 Novemba

Wagdi yuko boriti ya kumi na moja. Macho mekundu, kikohozi, bado anafuta. Nikamhurumia kidogo, kisha nikaacha, maana nimepata wazo ambalo chuo cha ufundi hakiwezi kulitoa hata wakipewa miaka mia.

Mkaguzi atatazama juu. Je, kama hakuna juu?

Mjomba wangu Abduttawab anakodisha maturubai ya shughuli, yale mekundu yenye nakshi za buluu na nyeupe. Nikamdanganya kwamba ni kwa ajili ya uchumba wangu. Si uongo mkubwa, ni uongo uliotangulia. Akanipa vipande sita. Nikavitandaza chini ya boriti toka ukuta mpaka ukuta, nikavifunga kwa kamba. Chumba kikawa kama kasri! Kisha nikapata wazo juu ya wazo: magunia manne ya vumbi la mashine za msasa, ambayo sikujua niyafiche wapi, nikayamwaga huko huko juu ya kitambaa. Nani atapanda kutazama?

Kitambaa kilibonyea kidogo katikati. Kinapendeza hivyo. Kama tumbo la mtu mwenye nafasi.

Wagdi alisimama chini yake, akalipima kwa macho lile tumbo. Kisha akasema ataomba likizo. Nikamwambia awahi.

Jumatano, 6 Novemba

Nitaandika yote.

Sikukumbuka kitu kimoja. Lango la kiwanda linatazama barabara, mlango wa chumba cha msasa unatazama lango, na mjini kwetu ukiona turubai la namna ile kabla ya saa sita mchana, hakuna harusi. Kuna maiti.

Saa tatu akaja muuza kuku wa jirani, mikono kifuani, akaniambia Mungu awape subira. Nikamshukuru, nikidhani anazungumzia mkaguzi. Baada yake wakaja watu wa duka la gundi. Kisha mkahawa mzima wa mtaa ukahamia kwetu na birika la kahawa chungu. Wakakaa kwa safu chini ya turubai, kwenye viti tulivyokuwa hatujavipiga rangi. Akaletwa na msomaji kipofu, Shekhe Tulba, akakaa juu ya benchi la randa, akaanza kusoma kwa sauti tamu mno. Nilitaka kuwafukuza, lakini utamfukuzaje mtu aliyekuja kukuhani? Nikasimama langoni nikipokea mikono. Na kwa kuwa mkono ulishazoea, kila aliyeingia nikamchukua kiberiti. Kumi na vinne.

Haji Bishlawi akafika. Akaona turubai, akasikia Kurani. Akaanza kulia akimtaja ndugu yake wa Port Said. Watu wakamzunguka. Muuza kuku akamtazama vizuri, akasema, "Haji, kumbe uko hai? Sisi tumekuja kukulilia wewe."

Hapo Haji akauliza amekufa nani. Wakatazamana. Shekhe Tulba akakatisha aya katikati.

Na mlangoni amesimama mkaguzi. Mwanamke, Mhandisi Nivin, kofia nyeupe kichwani, ile ile ya ndoto zangu. Akampa Haji pole kwanza. Ana adabu. Haji badala ya kujibu akapiga ukelele, "Nani amenitilia nuksi hii juu ya kichwa changu?" akarukia kamba ya turubai, akaivuta kwa nguvu zote.

Likashuka. Magunia manne, na vumbi la boriti zote ambazo Wagdi hakuzifikia. Sikuona mkono wangu mwenyewe. Ndani ya lile wingu nikasikia sauti ya Wagdi, kumbe likizo hakuomba, kavu kabisa: "Mtu asiguse swichi! Tokeni! Msiwashe chochote!" Na nikasikia watu wakijipapasa mifukoni, maana mtu akishtuka hutafuta sigara. Wakajipapasa sana. Hawakupata kitu.

Tukatoka nje mmoja mmoja, weupe, kama maandazi kabla ya kukaangwa. Shekhe Tulba alishikwa mkono na Wagdi.

Mhandisi Nivin alijikung'uta, akauliza jiko la gundi liko wapi. Wagdi akasema alilizima alfajiri na kukata gesi. Akauliza viberiti. Nikainua ndoo. Akachungulia ndani yake, akamgeukia Haji.

"Haji, mngekuwa na moto wa njiti moja humo ndani, turubai hili lingepata kazi yake."

Hakuna aliyecheka. Usta Metwalli alikaa juu ya magogo, ameshika kichwa. Nadhani alikuwa anawahesabu wanawe wawili waliokuwa ndani.

Vumbi lilipotulia mkaguzi akarudi kuangalia, akatoka na swali moja tu: Shehata ni nani, na Inshirah ni nani? Vumbi jipya halikufika kwenye pembe ya kabati la swichi. Mwandiko wangu umebaki unasomeka.

Usta aliinua kichwa polepole sana.

Alhamisi, 7 Novemba

Mlango umepigwa lakiri, siku kumi na tano. Kofia nyeupe amepewa Wagdi. Inamzidi, inamfika puani. Mimi nimepewa kitambaa, ndoo na boriti arobaini na mbili, siku mlango utakapofunguliwa. Usta Metwalli ameniambia nikipita mtaa wao, nipite nikikimbia. Mjomba Abduttawab anataka vipande vyake sita vikiwa vimefuliwa.

Lakini tuseme ukweli. Nani aliwaokoa? Ndoo ya nani? Wagdi alipiga kelele tu. Wenzangu wamekuja kudai viberiti vyao, nikawaambia masharti ni yale yale.

Leo mchana nimekwenda kuitazama ile lakiri kwa karibu. Nta tu. Ukiipasha kidogo inaachia, ukiipasha tena inashika. Kesho ni Ijumaa, wote watakuwa msikitini. Nitaingia na fimbo ya mama ya kupigia mazulia, nizipige boriti zote arobaini na mbili mpaka liruke vumbi la mwisho, nitoke, nibandike nta mahali pake. Mkaguzi akirudi, chumba safi! Haji atauliza ni nani. Usta atauliza ni nani.

Humo ndani ni giza, wamekata umeme. Hilo halinisumbui. Viberiti ninavyo thelathini na kimoja.