Vifungo vya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimesoma masharti ya kujiunga na shahada ya uzamili ya tiba kwa vitendo. Nimeyarudia, kisha nikajilaza. Shahada ya kwanza ninayo. Alama za anatomia ninazo, japo zilinitoa jasho. Insha ya kueleza kwa nini naipenda kazi hii nitaiandika nikishiba. Kumbe kuna sharti jingine: mwombaji ashinde siku kadhaa akimtazama mtaalamu akifanya kazi, kisha mtaalamu amsainie kwamba anafaa. Kutazama tu! Mtu mzima na digrii yake akodoe macho kwenye benchi! Na mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa hii.

Binamu yangu, ambaye naye anaomba, alishamaliza siku zake zamani. Mama hachoki kunikumbusha. Tangu utotoni huyu binamu anajua kukaa kimya, na watu wanadhani ni akili.

Lakini njia ninayo. Shangazi, tunayekaa naye, alipata kiharusi mwaka jana na mkono wa kulia umelegea. Mtaalamu wa tiba hii hii huja nyumbani kumfundisha upya kuvaa, kuchana nywele, kushika kikombe. Nitatazama hapa hapa sebuleni, kandambili miguuni.

Jumanne, 4 Machi

Masharti yanakataza kutazama ndugu yako akitibiwa. Basi nikajifanya mpangaji. Nikamwamkia Shangazi kwa heshima za mbali, kama watu wanaopishana uani. Mtaalamu, mama mfupi mkavu wa maneno, akaelekea kuniamini. Hata begi hajafungua, Shangazi akaniambia nikaanue chupi zangu, mvua inakuja, na kwamba yeye na baba yangu wametoka tumbo moja, hakunilea ili nije kumkana mbele za watu.

Mtaalamu hakucheka. Alisema niende kliniki kesho, nikae, nitazame, mikono mapajani. Mikono mapajani! Kana kwamba naiba.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Mzee mmoja, dereva mstaafu, anavaa soksi. Soksi moja. Nimeona watu wakihama nyumba kwa muda ule. Kidole gumba kinaingia, kinatoka. Mzee anahema. Mtaalamu anatazama tu! Roho iliniuma, kusema kweli. Nikainuka nikamvika zote mbili, nikampa na viatu, kamba nikazifunga fundo maradufu.

Nilitegemea shukrani. Mzee akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Eti soksi ile ameipigania wiki nzima na leo ndiyo ilikuwa inakubali.

Mtaalamu alinitoa nje akaniambia nina kiherehere. Akauliza nyumbani ni nani humfunga Shangazi vifungo vya gauni. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mimi, kila asubuhi, tangu augue. Akafumba macho. Akasema sasa ameelewa kwa nini mkono ule hausogei. Yaani wema wangu ndio ugonjwa!

Nilimbembeleza mpaka akachoka. Akanipa sharti moja. Ijumaa atakuja nyumbani, Shangazi atajifunga vifungo mwenyewe, nami nitakaa mbele yake. Nikiweza kutomgusa mpaka amalize, atasaini, ndugu au si ndugu.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nilimwacha Shangazi na vifungo vyake, nikatoka kuzunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hajamaliza cha pili, nimesharudi kumsaidia. Hapo nikang'amua: tatizo si mimi, tatizo ni vifungo. Nikachukua gauni lake la bluu mpaka kwa fundi wa mtaa wa pili. Atie vile vya kubana, unabonyeza tu basi, na vya zamani avishone juu yake viwe pambo. Kazi safi. Ungeapa hakijabadilika kitu.

Nilisahau kwamba Shangazi ameshona nguo za watu maisha yake yote. Alilipapasa gauni mara moja tu.

"Nani ameichezea nguo yangu?"

Nikaeleza mpango. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo lililonitisha zaidi.

"Mkono huu ndio uliokushonea sare za shule," alisema. "Nataka urudi kwenye cherehani. Wewe unataka saini. Tafuta saini yako, mkono wangu niachie."

Niliona aibu. Kidogo. Kisha akanipa sindano nivirudishe vifungo vyake mwenyewe. Nilijichoma mpaka nikasahau dua. Hakunisaidia. Alikaa akanitazama tu, mikono mapajani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kufa na kupona. Mtaalamu kiti cha kushoto, Shangazi katikati, mimi nimekalia mikono yangu. Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikamtoa jasho, na mimi likanitoka. Cha tatu, cha nne. Nikauma ulimi. Nikatazama dari. Kikabaki cha shingoni. Kikaingia nusu. Kikarudi. Kikaingia nusu tena. Jamani! Nusu tu!

Mkono wangu ulikwenda wenyewe, nashuhudia.

Shangazi akanizaba kofi. La mkono wa kulia! Mtaalamu akasimama kwa furaha, akasema nguvu ile ameisubiri miezi. Shangazi akakitazama kiganja chake, akacheka na kulia kwa pamoja, kisha akakifunga kile kifungo polepole mpaka mwisho.

Nikatoa kalamu. Mtaalamu akasema sikutimiza sharti. Nikamuuliza kofi lile limeletwa na nani, kama si mimi. Akafunga begi lake akaondoka. Watu hawa hawatambui matokeo.

Jumatatu, 17 Machi

Binamu ameitwa kwenye usaili. Kapita asubuhi kumuaga Shangazi, naye Shangazi akataka kumfunga tai kwa mkono wa kulia. Polepole. Vidole vinatetemeka, ncha inateleza, anaanza upya. Binamu kasimama kimya kama kawaida yake, anatabasamu. Saa inakwenda. Nikavumilia. Nikavumilia tena.

Fundo nililomfungia lilikuwa zuri sana. Shavu linawaka bado, na mkono wa Shangazi unazidi kupata nguvu. Mwakani nikiomba tena, nitaandika kwenye insha kwamba nina mgonjwa mmoja niliyempa nafuu bila msaada wa mtu.