Mwewe wa Shaba, Mbele, Nyuma na Ubavuni

Kampuni ya filamu ya Granavale, yenye makao yake Burbank, iliutangazia ulimwengu kwa furaha kubwa kwamba skrini ni skrini. Tangazo lilisomwa na Mwenyekiti mwenyewe, Bwana Hargrove, mbele ya waandishi wa habari walioalikwa kifungua kinywa. Alifafanua kwamba kampuni ina haki ya kumwonyesha shujaa Mwewe wa Shaba kwenye skrini. Kwamba simu ya mkononi nayo ina skrini. Na kwamba, kwa hiyo, mtalii yeyote anayempiga picha Mwewe wa Shaba kwa simu yake ametengeneza filamu bila kibali. Waandishi waliandika. Mmoja aliuliza kama mayai yameisha.

Utekelezaji alikabidhiwa Desmond Krantz, Makamu wa Rais wa Ulinzi wa Mashujaa. Krantz alikuwa na moyo safi na tai iliyonyooka. Hakuwahi kuitazama filamu ya shujaa yeyote hadi mwisho, maana bisi zilimkohoza, lakini alijua kwa kichwa kila shujaa ni wa kampuni gani na hadi lini, kama watu wengine wanavyojua siku za kuzaliwa za watoto wao. Asubuhi hiyohiyo alishuka Hollywood Boulevard kumtafuta mvunja sheria.

Hakupata shida. Pale wanaposimama wale wanaovaa mavazi ya mashujaa ili wapigwe picha na wageni, Mwewe wa Shaba alikuwa mmoja tu: Vartan Keshishyan, Muarmenia wa Glendale, mtu wa miaka hamsini na ushee mwenye kitambi cha kuheshimika. Mabawa yake aliyafua mwenyewe kwa shaba ya matangi mabovu ya maji moto. Alikuwa amesimama kando ya kigari cha Mama Eulalia, mwanamke wa Oaxaca aliyeuza soseji zilizoviringishiwa nyama ya nguruwe, na vitunguu na pilipili juu yake.

"Habari za asubuhi," Krantz alisema. "Kwa mujibu wa haki za skrini, unatakiwa kusitisha kuonekana."

"Kusitisha nini?"

"Kuonekana."

Vartan alimtazama kuanzia tai hadi viatu. "Kaka, mimi naonekana tangu nizaliwe. Mama Eulalia, unasikia? Eti nisionekane!"

"Na tumbo hilo?" Mama Eulalia alijibu bila kuinua macho kwenye vitunguu. "Mwambie akupe muda, mwanangu."

Krantz hakucheka, kwa kuwa alikuwa kazini. Alianza kumzunguka mtuhumiwa akifanya tathmini: uso, wa Granavale, kifua, cha Granavale, miguu, ya Granavale. Alipofika nyuma alisita. Kampuni ya kwanza iliyomchora Mwewe wa Shaba ilifilisika miaka mingi iliyopita, na shujaa akauzwa vipande vipande kama ng'ombe wa buchani. Granavale ilipata jina na upande wa mbele. Mabawa, pamoja na mgongo wote, yalikwenda kwa kampuni moja ya Culver City. Krantz hakuwa na mamlaka ya kuzuia mgongo usionekane.

Basi akafanya jambo la uungwana: akapiga simu Culver City. Kabla ya saa sita alifika Bi Priscilla Yoon, mwenye cheo kama chake na kiyoyozi kizuri zaidi kwenye gari. Wawili hao waliunda papo hapo Kikosi Kazi cha Pamoja. Krantz alisimama mbele ya Vartan, Bi Yoon akasimama nyuma yake. Mtalii aliyetaka uso alihojiwa na Krantz. Aliyetaka mabawa alihojiwa na Bi Yoon. Waliotaka vyote viwili waliambiwa wasubiri kikao.

"Nyie hamna kwenu?" Vartan aliuliza siku ya tatu.

"Tuko hapa kwa ajili ya kukulinda," Krantz alisema.

"Kunilinda na nani?"

"Na watu wanaokupenda bila utaratibu."

Wiki nzima hakuna aliyetia kitu kwenye kofia ya Vartan. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Mama Eulalia alimlisha soseji za bure, akawa anawatupia Kikosi Kazi jicho ambalo Bi Yoon alilihisi mgongoni, sehemu aliyokuwa mtaalamu wake.

Jumamosi ikaja familia kutoka Nebraska. Baba mtu, kwa kuwaogopa wakubwa waliosimama mbele na nyuma, alipita kando, akainua simu na kumpiga Vartan picha ya ubavu.

Kikosi Kazi kikapasuka.

"Hiyo ni yetu!" Krantz alipaza sauti. "Ubavu ni mwendelezo wa kifua!"

"Weee! Ubavu ni mwanzo wa mgongo!"

Krantz akakamata mkono. Bi Yoon akakamata bawa. Kila mmoja alivuta kwa niaba ya kampuni yake, na Vartan, aliyekuwa katikati akiomba waache utani, alizunguka kama feni. Bawa la pili likakifyeka kigari cha Mama Eulalia. Kikapinduka, gurudumu likang'oka, kikaango kikapasuka, na soseji zikabingirika juu ya nyota za shaba zilizopachikwa njiani, zenye majina ya watu mashuhuri.

Mama Eulalia alijifuta mikono kwenye aproni.

"Haya, wenyewe," alisema. "Huyu Mwewe wenu nani anamlipia?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, hakuna aliyesema *wetu*.

Mama Eulalia akawapeleka wote mahakama ya madai madogo, ambako mawakili hawaruhusiwi kumsemea mtu. Krantz ilibidi aiwakilishe kampuni kwa mdomo wake mwenyewe. Akiwa kwenye ngazi za mahakama alipigiwa simu na Mwenyekiti.

"Mkane," alisema. "Mkane mzima, kuanzia kishungi hadi kucha."

"Lakini Mwenyekiti, umiliki wetu—"

"Krantz, mwenye mali ndiye anayelipa. Sasa wewe unataka tuwe wenye mali siku ya kulipa?"

Krantz aliona hoja hiyo ina mantiki. Akaingia, akaapa.

Jaji Okimoto, mama mfupi mwenye miwani kwenye paji la uso, alimnyooshea kidole Vartan, aliyekuja na vazi kamili kama kielelezo. "Bwana Krantz, huyu Mwewe wa Shaba ni wa kampuni yako?"

"Mheshimiwa, kampuni yangu haina uhusiano wowote na Mwewe wa Shaba huyu."

"Kuna mwingine?"

Hapo ndipo utaalamu ulipompanda kichwani. "Hapana, mheshimiwa," alisema kwa fahari. "Kwa jina, umbo na historia, Mwewe wa Shaba ni mmoja tu duniani."

"Na huyo mmoja si wenu."

"Si wetu."

Bi Yoon naye aliapa, akakana mabawa yote mawili, na mkia kwa tahadhari.

"Basi ni wa nani?" Jaji aliuliza.

Mabawa yakagonga kiti. Vartan alikuwa amesimama. "Ni wangu."

"Unaelewa kwamba ukisema hivyo, kigari unalipa wewe?"

"Naelewa, mheshimiwa. Mama huyu amenilisha wiki nzima. Nikisema bawa si langu, nitamtazamaje?"

Mama Eulalia akatazama dirishani, akipepesa macho. Krantz alikohoa, na safari hii hakukuwa na bisi.

Jaji akatamka hukumu: Mwewe wa Shaba, mbele, nyuma na ubavuni, ni mali ya Bwana Keshishyan, ambaye atakitengeneza kigari. Krantz alimpigia Mwenyekiti kumpa habari za ushindi. Mwenyekiti alifurahi, akamtumia keki.

Vartan alikitengeneza kigari gerejini kwake kwa shaba iliyobaki, hadi kikawa kinang'aa kuliko yeye. Wateja wakajazana kukipiga picha.

Huko Burbank, wakati huohuo, seti za filamu kubwa ya Mwewe wa Shaba zilikuwa zimeshajengwa na mabango yamefunika maghorofa. Siku chache kabla ya kuanza kupiga picha, watu wa benki waliokuwa wanaikopesha filamu waliuliza swali la kawaida: shujaa ni wa nani?

"Wetu," alisema Mwenyekiti.

"Mbona mahakamani mliapa si wenu?"

Mwenyekiti aligeuka polepole kumtazama Krantz. Krantz alikuwa anatazama zulia.

Mchana huo Mwenyekiti Hargrove alikwenda Boulevard mwenyewe. Alimkuta Vartan anakula.

"Rafiki yangu," alianza, "tungependa kukukaribisha katika familia yetu."

"Familia ipi, bosi? Ile iliyonikana?"

Mama Eulalia alicheka hadi akaegemea kigari.

Vartan hakuwa mtu wa kinyongo. Alitoa masharti yake tu: angewaazima Mwewe wake kwa filamu moja, kisha arudi kazini Boulevard. Bi Yoon angekuja kushika feni nyuma ya mabawa. Shujaa angekuwa Vartan mwenyewe, na kitambi chake. Na yule mtu anayeokolewa kutoka juu ya ghorofa angekuwa Bwana Hargrove.

"Mimi si mwigizaji," alisema Mwenyekiti.

"Utajifunza. Maneno yenyewe ni mawili tu."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba siku ya kwanza ya kazi Mwenyekiti wa Granavale alining'inia kwenye kamba, miguu juu, pindo za suruali zimeteremka hadi magotini, jua la saa sita likimpiga usoni, chini ya kwapa la Muarmenia mwenye mabawa. Wafanyakazi wote wa kampuni walikuwa wametoka ofisini kutazama. Krantz alisimama mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kuona filamu ya shujaa inaishaje.

"Niokoe, tafadhali," alisema Mwenyekiti.

"Kata," Vartan alisema. "Sijaamini."

"Niokoe, tafadhali!"

"Kata. Huyo ni mtu anayetoa amri, bosi. Tunarudia." Akamweka sawa kwapani, kwa upole. "Hebu sema kama mtu anayeomba kitu kisicho chake."