Baiskeli za Wote na Dari la Jiko Langu

Jumatatu, 7 Julai 1975

Sabasaba. Kijiji kimepata baiskeli sita. Mwenyekiti wetu, mzee Zebedayo, amesema si za mtu, ni za wote. Tatu zikae huku mlimani, ofisi ya chama. Tatu zikae Same, duka la ushirika. Anayeshuka achukue ya huku, aiache kule. Anayepanda achukue ya kule, ailete huku. Mimi nilipiga vigelegele kuliko wote. Maneno hayo niliyasema mimi kwenye mkutano, leo yametoka kwa mwenyekiti yamevaa koti.

Nilikuwa na langu rohoni. Mwanangu Eliaichi yuko chini, kambi ya mkonge, na mumewe Novatus. Mimba ya kwanza, na mwezi ndio huu. Nimemwahidi nitamshika mkono. Yeye huyo nilipomzaa, siku mbili nimeng'ang'ania ukuta. Sitaki naye ashike ukuta. Lori la ushirika huja likipenda. Magoti yangu yameshastaafu. Kwa baiskeli, ndani ya saa chache niko mlangoni kwake.

Baba Eliaichi kaniuliza nimejua lini kuendesha. Nimemjibu njia yote ni mteremko, kazi yangu ni kukaa tu.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda ofisini kuzizoea. Hakuna hata moja. Zote sita ziko Same. Kila mtu kashuka akipiga kengele kama bwana harusi. Wakati wa kurudi kaitazama baiskeli, kautazama mlima, kapanda kwa miguu.

Hata jirani yangu Jenoveva, balozi wetu wa nyumba kumi, kashuka na moja kufuata chumvi. Nikamuuliza ameiacha wapi. Akasema, Mama Eliaichi, ule mlima mbuzi mwenyewe anaupanda kwa vituo, mimi nisukume chuma? Akaongeza kwamba aliyeleta wazo hili huenda hakujua mlima una juu na chini. Nikasema hata mimi namshangaa mtu huyo.

Alhamisi, 10 Julai

Mwenyekiti ametuma mgambo, wamesukuma moja hadi juu. Imefika saa kumi jioni. Kabla ya giza ilikuwa kwangu. Neno kuiba silipendi. Ni ya wote, na mimi ni mmoja wa hao wote. Tena Novatus ametuma salamu: tumbo limeshuka, wiki haitaisha.

Pa kuificha sasa. Zizini, Jenoveva hupita kuomba mbolea. Uvunguni, Baba Eliaichi hutafuta viatu. Nikaipandisha darini, juu ya jiko, yanapokaukia mahindi. Baba Eliaichi aliisukuma kwa chini huku akisema yeye hayumo. Kwa kuwa kesho nitapakia mkungu wa ndizi wa mzazi, nikazipiga tairi pampu mpaka zikawa ngumu kama jiwe. Nikaifunika mahindi. Nimelala nikijisifu.

Ijumaa, 11 Julai

Alfajiri ukungu mzito, hata choo sikukiona. Nikasema nisubiri kidogo. Kidogo hicho kimeniponza. Jenoveva kaingia na mwenyekiti: baiskeli imepotea, wanapita nyumba kwa nyumba. Shikamoo mwenyekiti, marahaba mama, karibuni jikoni mnywe uji. Baridi ya Julai, wageni wanatetemeka. Nikaongeza kuni. Nikaongeza tena. Ukarimu ni ugonjwa wangu.

Jenoveva alikuwa anasema mwizi hata ajifiche vipi, Mungu atamtaja. Pale pale dari likalipuka. Jenoveva akalala kifudifudi akiita Yesu. Mahindi yakamwagika kichwani kwa mwenyekiti, na usukani ukachungulia.

Mwenyekiti akatoa punje sikioni, taratibu. Akauliza hicho ni nini. Nikasema ni mahindi ya mwaka huu. Akauliza kama ya mwaka huu yana kengele.

Hukumu: kesho inapigwa pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kijiji kizima kishuke Same, kikazisukume baiskeli zote hadi huku. Mimi nitangulie mbele, nikiikokota hii ya pancha ikazibwe.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeshuka mlima mzima kwa miguu, nikisukuma kitu nilichotaka kukikalia. Nyuma yangu watu wanaimba. Kila kona Jenoveva, Baba Eliaichi kashamsimulia, ananiuliza, Mama Eliaichi, bado umekaa?

Kufika tambarare, karibu na kambi ya mkonge, namwona Novatus anakuja mbio bila viatu. Eliaichi ana uchungu tangu usiku, anamwita mama. Niliitupa baiskeli. Magoti niliyoyastaafisha yakakimbia. Nyuma yangu kijiji kizima nacho kikakimbia, msaragambo ukageuka. Nilipofika, Jenoveva alishanipita, amejifunga khanga kiunoni, anamwamuru mkunga wa kambi kana kwamba kambi nayo iko kwenye nyumba zake kumi.

Mwanangu alikuwa ameshika ukuta. Nikaubandua mkono wake, nikautia mkononi mwangu. Akaniuliza, mama, umekujaje? Nikasema, kwa baiskeli.

Mtoto wa kike, mzima. Ameitwa Asnath, jina langu. Kwa haki lingekuwa la mama yake Novatus, ila yeye yuko Songea na sisi tulikuwa wengi. Jenoveva amelia kuliko mimi. Ameniambia kumbe wizi wako ulikuwa na miguu ya mtoto ndani yake. Mzee Zebedayo amekunywa uji wa mzazi vikombe viwili na hakutaja mahindi.

Jumapili, 13 Julai

Wenzangu wamezichukua baiskeli Same na kuanza kupanda nazo, ulimi nje. Jenoveva atabaki nami siku mbili, anasema siwezi kuachwa peke yangu. Mwenyekiti kaniruhusu nikae mpaka arobaini ya mtoto.

Lakini mama hakosi wasiwasi. Arobaini ikiisha nitarudije mlimani, na magoti haya? Ile ya pancha Novatus ameiziba, na mwenyekiti ameisahau. Sikumkumbusha. Nimeiingiza chumba cha nyuma, nikazijaza tairi upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe. Ili isionekane, nimetandaza nepi za mjukuu juu yake. Chumba hakina jua, nepi hazikauki, kwa hiyo chini yake nimeweka jiko la mkaa.

Jenoveva amekaa mlangoni na Asnath mapajani. Anasema chumba hiki kina joto zuri, niongeze mkaa kidogo. Nimeongeza.