Meza ya Dirishani

Jumatatu, tarehe 6

Leo naanza. Mimi nasema, Mwalimu wa chumba cha tatu anaandika. Amestaafu, lakini mkono bado unamwasha. Nimemwambia asinirekebishe. Akirekebisha nitajua, maana nitamwambia anisomee na nitasikia kuwa huyo si mimi.

Kazi yangu kufua na kupiga pasi vitambaa vya kufutia midomo. Vya mkahawa mkubwa wa pale kona, ule wa vioo, wanakokula watu mashuhuri. Foleni ya pale mlangoni si ya njaa. Watu wanataka kumwona mtangazaji wa taarifa ya habari akitafuna. Sasa akitafuna ana tofauti gani na fundi viatu? Haya, ndivyo walivyo.

Mimi miaka kumi na moja sijamwona hata mmoja. Naingia kwa mlango wa uani, nachukua mzigo, natoka. Ila nawajua. Kwa madoa! Rangi ya mdomo ya zambarau, yule mwigizaji. Mchuzi pembeni kabisa, yule mcheza mpira, anafuta shavu badala ya mdomo. Mbunge anajifuta jasho tu. Usinidanganye kuhusu mtu ambaye nimepiga pasi kitambaa chake.

Nilikuwa nasema nini? Dada. Dada yangu mkubwa yuko kwangu, alikuja kuonyesha macho. Leo daktari kasema basi, hayatibiki. Kilichobaki ni miezi michache, na hata sasa anaona kilicho karibu tu, mkono ukinyooshwa ndio mwisho. Mimi nikalia hapo hapo. Dada akamuuliza daktari kama ameshakunywa chai, mbona sauti imemkauka.

Jioni mpishi kanipa habari. Mwimbaji wetu, yule mzee wa wimbo wa barua, wiki nzima yupo pale! Mwenye mkahawa amemweka meza ya dirishani, saa saba mpaka saa tisa, ili wapita njia wamwone waingie. Nikakaa chini. Wimbo wa barua! Mimi na dada tumekua nao.

Nimejiapiza. Dada lazima amwone kabla macho hayajazima. Anaondoka Jumapili. Siku ninazo, akili ninayo.

Jumanne, tarehe 7

Mpango wa kwanza: mlango wa mbele, kama watu. Dada nikamvika gauni langu la buluu. Nikamkalisha uani kwanza, juu ya kreti la soda, nikamwambia atulie nikasafishe njia.

Njia haikusafishika. Mlinzi kauliza tumeweka meza kwa jina la nani. Nikamwambia sisi hatuna haja ya meza, sisi ni mashangazi wa mwimbaji. Kanitazama toka kichwani hadi miguuni. Akasema, mama mkubwa, yule mzee ana miaka sabini na nne, shangazi yake ana mingapi? Nikamwambia ukoo wetu tunazaa mapema. Foleni nzima ikacheka. Na nani alikuwa mbele kabisa akicheka? Mama Maua! Huyu ndiye analeta maua ya mezani, na kwa sababu ya maua anapita mlango wa mbele, basi hatulali. Eti wiki iliyopita mtangazaji alimkanyaga mguu. Anautembeza ule mguu kama umepewa cheo.

Nikazunguka nichungulie dirishani. Meza ipo. Kofia ipo juu ya meza, ya kijivu, ya maana. Kiti kitupu! Mlinzi kanifukuza kabla sijangoja.

Uani nikamkuta dada anaongea na kizee kimoja kifupi, kipara, makubazi miguuni. Amekaa kreti la pili, anakula viazi vya kuchemsha kwenye kopo. Muosha sufuria mpya, nadhani. Nikamwambia mzee, kazi zinakungoja. Akasema, kweli, zinaningoja, akafunga kopo akaingia ndani.

Dada alikuwa ametulia sana. Nikamwambia asikate tamaa.

Jumatano, tarehe 8

Leo nimemzidi Mama Maua akili. Nilimwambia mgongo wake umepinda, nimsaidie kubeba. Akanipa chombo kikubwa kuliko kichwa changu. Nikaingia nyuma ya maua, mlinzi kaona maua tu.

Ndani baridi! Picha ukutani za kila aliyewahi kutafuna pale. Sikuzitazama, nilikuwa na haraka. Meza ya dirishani, kofia, kiti kitupu tena. Lakini pembeni yake, Mwalimu, kasimama mwanamume mrefu, jino la dhahabu linang'aa, kama la mwimbaji wetu! Nikaweka maua chini, nikamshika mkono, nikamwambia baba, uani kuna mgonjwa anakungoja, njoo kabla hajazimika.

Akaja mbio, masikini. Nikamsimamisha mbele ya dada. Nikamwambia dada huyu hapa, na wewe baba, imba.

Akasema yeye ni fundi friji.

Alikuja kutazama friji ya vinywaji. Alidhani mgonjwa ni friji ya uani. Dada akacheka mpaka akashika mbavu. Na yule muosha sufuria, yuko pale pale na kopo lake, naye akacheka. Sauti kubwa kuliko mwili wake. Nikamwambia mzee, hii ni sehemu ya kazi, si kijiwe. Na kwa kuwa huna la kufanya, nibebee mzigo mpaka getini. Akaubeba. Anachechemea kidogo, lakini mtiifu.

Nyumbani nikafungua mzigo. Kitambaa cha meza ya dirishani nakijua, wanakifunga utepe mwekundu kwa ajili ya mgeni wa heshima. Safi! Siku ya tatu hii, hakina doa. Kwa hiyo hakuna anayekaa pale. Nikamlalamikia mpishi kuwa ananidanganya. Akaapa mzee yupo, ila hali chakula cha pale, eti hakimpandi, na akichoka kutazamwa anajiendea zake. Anajiendea wapi? Mpishi kasema yeye ana vyungu sita motoni, hafuati watu.

Alhamisi, tarehe 9

Mvua. Hatukutoka. Mwalimu kaja na miwani yake, nikamwambia leo andika polepole.

Nimwambie nani kama si daftari. Miaka hamsini na kitu iliyopita mwimbaji alikuja kuimba kwenye ukumbi wa reli. Mama yetu alikuwa mgonjwa, lazima mmoja abaki. Gauni la kutokea lilikuwa moja, la dada, alilishona mwenyewe, mabega yana mikunjo. Alikuwa ameshalivaa. Mimi nikalia. Nililia vibaya, nilikuwa mdogo na najua kulia. Dada akalivua, akanivika, akanifunga vifungo vya mgongoni. Akasema nenda umtazame vizuri, uje unisimulie.

Nikaenda. Nikasimama nyuma ya nguzo. Nguzo nene! Mbele yangu watu, kushoto watu. Nilisikia kila kitu, sikuona hata ncha ya kiatu chake.

Sasa narudije na gauni la mtu bila cha kusimulia? Nikasimulia. Nikasema ni mrefu, anagusa taa. Nikasema ana jino la dhahabu, akifika kwenye kiitikio linametameta. Mwalimu, nimesimulia jino hilo miaka yote. Harusini, msibani, kwenye foleni ya maji. Mpaka mimi mwenyewe naliona.

Hili ulifute. Mwalimu anasema imeandikwa kwa kalamu ya wino. Basi funika na kidole.

Dada kashinda dirishani akisikiliza mvua na kuimba kidogo kidogo. Wimbo wa barua. Akafika beti la tatu. Nikashtuka, wimbo ule una mabeti mawili! Nikamuuliza kalitoa wapi. Akasema amefundishwa juzi. Nikajua sasa ni uzee, umeanzia machoni unapanda kichwani. Nikamfunika mabega.

Ijumaa, tarehe 10

Sitaki kusema habari za leo.

Haya, nitasema. Mpango wa barua. Mwimbaji wa barua aitwe kwa barua, nani mwingine angewaza hilo? Mwalimu aliandika, kwa mwandiko wake mzuri, nami nikataja: Mpenzi, njoo uani saa nane, kuna mwanamke anakungoja kwa miaka hamsini. Nikaikunja ndani ya kitambaa cha utepe mwekundu. Nikapeleka mzigo.

Kumbe leo utepe ulifungwa vitambaa viwili. Kulikuwa na bwana harusi!

Bibi harusi ndiye aliyekunjua. Akasoma. Akamuuliza mumewe ni mwanamke gani huyo wa miaka hamsini. Mume akasema labda ni mama. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale. Mpishi anasema glasi mbili za maji zimemwagwa na moja haikuwa ya maji. Saa nane kamili bwana harusi katokea uani amelowa kifua, anamtafuta huyo mwanamke amtukane. Akamkuta dada. Dada akampangusa, akamwambia arudi ndani akae karibu na mkewe, asiongee, amshike tu mkono. Wametoka wameshikana, nasikia.

Mimi nilikuwa mbele nang'ang'ania kioo. Kofia, kiti kitupu.

Kisha Marashi akaja. Marashi ni msimamizi wa wahudumu, unamsikia puani kabla hujamwona. Kasema pasi yangu ni nzuri, kwa hiyo kazi ninayo, lakini kizingiti cha mbele nisikikanyage tena mpaka nife. Mama Maua alikuwepo. Anatikisa kichwa kama anayesikitika!

Muosha sufuria alimsindikiza dada mpaka njia panda, kamshika kiwiko. Nikamwambia asante, sasa mwache, atajikwaa na makubazi yako. Siku zimebaki mbili na mkahawa haufunguliwi Jumamosi mchana. Imekwisha, Mwalimu. Nimevaa gauni lake, nimelikunja mabega, na sikumlipa.

Jumapili, tarehe 12

Mwanangu, yule mtoto wa dada, kaja kumchukua. Tukangoja kituoni kwenye benchi. Nikaanza kuomba msamaha kuwa nimeshindwa kumwonyesha mwimbaji.

Dada akasema, mdogo wangu, nimekaa naye siku tatu.

Nikauliza na nani. Akasema na yeye. Yule wa kopo. Alimjua Jumanne kabla hajamaliza salamu, kwa sauti. Mzee kamwambia kule ndani anajiona kama sufuria la dukani, kila mtu anapita anatazama, hakuna anayeuliza bei. Akitoroka anaacha kofia kiti kisipewe mtu. Anakula viazi alivyopika mwenyewe. Beti la tatu walilikata zamani studio kwa sababu wimbo ulikuwa mrefu, hakuwahi kumwimbia mtu beti hilo. Kamwimbia dada polepole, mkono kwa mkono, karibu kabisa, na dada akauona uso wake wote. Akasema una makunyanzi mazuri.

Nikauliza kwa nini hukuniambia! Akasema ungempeleka kwa Mama Maua.

Ni kweli, lakini si vizuri kusema.

Nikamwambia haiwezekani. Yule mfupi. Dada akageuza uso wake kwangu, unajua anavyoutafuta uso wa mtu sasa, kama anayetafuta swichi. Akaniuliza taratibu: wewe ulimwona kwa macho yako siku ile, kweli ana jino la dhahabu?

Mwalimu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema nguzo tu, neno moja. Lakini nikikubali ni yule, basi mimi sikumwona. Na gauni je? Na ile jioni aliyobaki na mama?

Nikasema analo. La juu, kushoto.

Dada akanipapasa mkono. Akasema basi nitalikumbuka hivyo. Akapanda gari. Mwanangu akafunga mlango.

Nimekaa kwenye benchi mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu.

Jumatatu, tarehe 13

Nimewaza usiku kucha na asubuhi nimeamka na akili safi. Dada macho hayaoni, nani kasema masikio hayakosei? Kizee kimemdanganya mgonjwa. Mpishi kasema mwimbaji ameongezewa wiki nyingine, biashara imechangamka. Vizuri! Nitampata mwenyewe, mrefu, na jino lake, nimpeleke kwa dada mpaka mlangoni.

Saa saba na nusu nimefika uani. Muosha sufuria huyo, kopo mkononi. Kasimama hakai. Kauliza dada yuko wapi. Nikamwambia amekwenda kwake. Akatazama lile kreti kwa muda. Akauliza, nikimpigia dada simu, kama anaweza kumwimbia salamu. Nikataka kumjibu, ndipo nikaona. Kofia! Ya kijivu, ya maana, ile ile ya mezani, kaivaa kichwani kwake!

Nikamwambia mzee, hata haya huna? Irudishe kofia ya watu kabla mwenyewe hajaja. Akanitazama. Nikadhani atabisha. Akasema sawa, mama, akaingia ndani anachechemea.

Nikazunguka mbio mpaka dirishani kuhakikisha. Mlinzi kanikodolea macho, nikamwonyesha kuwa sijakanyaga kizingiti, nipo barabarani. Watu wamejaa kwenye kioo. Nikapenya. Na unajua nimeona nini, Mwalimu? Hakuiweka kofia mezani. Kakaa! Kakalia kiti chenyewe cha dirishani, kofia kichwani, na watu wanampungia mikono!

Nikagonga kioo. Nikamwonyesha kwa ishara: toka, toka, mwenyewe anakuja! Akanyanyua kofia akaniinamia. Nikagonga tena mpaka Marashi akatoka.

Kesho nawahi saa sita. Nitakitoa mapema kile kizee, kiti kiwe wazi.