Nguruwe wa Vasemaca na Nyumba za Bure za Wamisri

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeweka dau. Kule dukani kwa Narayan, nyuma ya soko la Nausori, kwenye zile kompyuta za kuchezea Vita vya Miungu, mchezo wa kujenga miji na kupigana. Mpwa wangu Peceli, mtoto wa dada yangu Litia, kasema mbele za watu kwamba Mjomba hodari wa kusimulia vita, kupigana hajui. Mimi! Niliyemchosha papa mpaka akaomba tupumzike! Nikamwambia Jumamosi tukutane. Akishindwa, atanilimia magimbi msimu mzima. Nikishindwa, achukue nguruwe.

Nguruwe ni wa mke wangu, Vasemaca. Anamnenepesha kwa ajili ya kaka zake wanaokuja Pasaka. Sijamwambia. Ya nini kumsumbua mtu kwa jambo lisiloweza kutokea?

Jumanne, 4 Machi
Nimepima uchumi wa mataifa yote matatu ya mchezo. Profesa haoni ndani. Wayunani: wanakijiji wakisali hekaluni, radhi za miungu zinaingia. Lakini anayesali hakati kuni. Kama shemeji zangu. Watu wa Kaskazini: radhi wanapata kwa kupigana tu, na vibeti wao wanachimba dhahabu kama panya kwenye muhogo. Fujo tupu. Wamisri sasa! Nyumba bure! Ghala bure! Hutoi hata ubao. Nani mwenye akili atachagua wengine? Peceli kachagua Kaskazini. Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi. Nikajenga nyumba mpaka mto ukakosa pa kupita. Mji wa kupendeza! Askari hata mmoja hakuna. Kumbe askari wa Misri wanataka dhahabu, na kila kitu kingine kinataka dhahabu, na mimi dhahabu sikuchimba, nilikuwa najenga. Peceli akaingia na mashoka yake, anatembea kama yuko sokoni. Narayan akaniuliza nimekuja kupigana au kupangisha vyumba. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata! Mchezo una kitufe cha kumtumia mtu mali, hata adui. Na sisi tuna kerekere: ndugu akikuomba, humnyimi. Nikaenda kwa Litia, tukanywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, nikamtaka Peceli aape mbele ya mama yake kwamba kesho mila za ukoo zitafuatwa mchezoni kama zinavyofuatwa nyumbani. Akauliza, zote, Mjomba? Nikasema zote, bila kubagua! Akaapa upesi sana. Kijana ana adabu.

Jumamosi, 8 Machi
Nilianza vizuri mno. Nikaomba dhahabu, akatuma. Nikaomba tena, akatuma. Duka zima likasogea kutazama. Nikatoa wapiga mishale, nikatoa tembo, jeshi linang'aa!

Ndipo Peceli akakohoa. Akasema, kwa unyenyekevu wa kuudhi, kwamba samahani, Mjomba, lakini yeye ni vasu wangu. Watu wakalipuka. Vasu! Mtoto wa dada! Akitakacho kwa mjomba wake anachukua, uwe mtumbwi, liwe godoro, na mjomba hafungui mdomo ila kupiga miayo. Akataka dhahabu yote. Nikatuma. Akataka chakula. Nikatuma. Akataka tembo wasogee kidogo apite. Nikawasogeza! Kwa mkono wangu! Farao wangu akabaki peke yake katikati ya nyumba za bure, hata mpangaji hana.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada Peceli akaja na kamba. Vasemaca akauliza kamba ya nini. Akaambiwa. Kasema kaka zake wakifika Pasaka, mimi ndiye nitakayelazwa kwenye tanuri la shimoni, magimbi pembeni. Litia akacheka mpaka akakaa chini. Eti mwanawe ni vasu, nguruwe huyo angemchukua siku yoyote bila kompyuta wala dau. Alikuwa anaona haya tu, nikamtoa haya mwenyewe.

Nimetafakari mchana kutwa. Kosa si Wamisri. Kosa si kerekere. Kosa ni kucheza na mtoto wa dada. Na mimi pia ni mtoto wa dada wa mtu! Mjomba Viliame yuko Vunidawa, mzee, haoni vizuri, hajawahi kugusa kompyuta, na zizi lake limejaa nguruwe. Kesho napanda basi la kwanza nikamfundishe kucheza. Dau letu litakuwa nguruwe mmoja. Yeye nitampa Wayunani, akae anasali tu.

Mimi nachukua Wamisri. Nyumba bure!